Daftari la Oili

Kwenye kijidroo cha gari, chini ya tambara la kufutia kioo,
baba aliacha daftari la kurasa thelathini na mbili,
lile wanalonunuliwa watoto wa darasa la kwanza,
jalada la nyuma jedwali la kuzidisha,
mbili mara saba imeliwa na mafuta.

Hakuandika wosia. Aliandika hivi:
Mfungo Tatu, elfu tisini na moja, nimemwaga.
Mfungo Sita, elfu tisini na sita, nimemwaga, filta mpya.
Mfungo Tisa, laki na elfu moja, nimemwaga,
oili ya duka la Mkoani, si ile ya kupimiwa kwenye chupa.

Tulikuwa tukimcheka.
Kanzu ya Idi ataiahirisha,
bati linavuja, ataliwekea ndoo,
oili haiahirishi.
"Bati likivuja nalisikia," alikuwa akisema.
"Injini hunyamaza. Ikija kusema, imeshakufa."

Leo gari ina laki mbili na elfu kumi na mbili
na inatoa moshi wa buluu kila ikikuta kilima.
Mtambile, uani kwa fundi Shaame Mbarouk,
karafuu zimeanikwa ng'ambo ya barabara
na harufu yake inagombana na ya oili iliyoungua.
Fundi anachomoa kijiti, anasugua tone
baina ya kidole gumba na cha shahada,
kama mpishi anayepima tui
ajue ni la kwanza au la mwisho.
Kisha anafungua kava la juu.
"Njoo uone."

Kwenye pembe zote tope jeusi limeganda,
halua iliyoungulia chini ya sufuria.

"Mwenye gari hii alikuwa mtunzaji," anasema,
"krenki haina kelele.
Lakini kuna mwaka oili iliachwa humu mpaka ikachoka,
haioshi, haipozi,
inazunguka tu kama mtu aliyekuja kazini na homa,
chuma kikagusana na chuma pasi na salamu.
Baadae akarudi kwenye ada yake.
Ila ringi zilizolika mwaka ule, zimelika."

Sikumjibu. Nilikuwa nalipekua daftari.
Baada ya laki na elfu kumi na sita, ukurasa mtupu.
Halafu laki na elfu thelathini na tano,
mwandiko umepinda:
nimemwaga. Na neno moja la ziada, samahani.

Naujua mwaka ule.
Usiku akichukua mchanga na matofali ya watu,
alfajiri akimshusha mama bandarini,
godoro nyuma, mto umefungwa kwa kanga,
boti ya kwenda hospitali Unguja.
Lita nne za oili zilikuwa tiketi moja,
ya kwenda, bila ya kurudi.
Akakopa kwa injini,
na injini ikakopesha bila ya shahidi.

"Ingefika laki nne," fundi anasema, yumo chini ya gari,
spana inalia kwenye boliti.
"Sasa mimi naipa elfu hamsini, ukiishika adabu.
Kila elfu tano. Usinambie Jumatatu."
Oili ya zamani inashuka kwenye karai,
nyembamba, nyeusi, haina haraka.

Mama yumo kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje.
"Kimeharibika nini?"
"Hakuna. Tunamwaga oili."
"Ah! Babako naye kwa kumwaga oili," anacheka,
"angepata nafasi angeimwaga na ya taa."
Anauliza kama changu aliyenunua atafika nyumbani hajaharibika.
Anauliza lita moja siku hizi shilingi ngapi,
nikamtajia, akasema astaghafirullah.

Fundi anamimina mpya, polepole, kwa faneli ya chupa ya maji.
Kalamu ninayo sikioni.
Daftari amelichukua mama, anajipepea nalo,
joto la Mtambile halina huruma.
Nasubiri achoke.