Matofali Kumi ya Alhamisi

Simu ya Kavaya huja mara moja kwa mwaka,
mahindi yakishavunwa, karo haijadaiwa:
"Asava, njoo na mwiko. Nina safu mbili."

Mimi ni fundi. Hapa Chavakali nimejenga nyumba za wenye haraka:
miezi mitatu, vigae, geti lenye simba wawili,
na ndani hamlali mtu ila mlinzi na redio yake.
Cha Kavaya ni chumba kimoja cha kuokea mikate,
futi kumi na mbili kwa kumi,
na huu ni mwaka wa tisa.

Miaka miwili ya kwanza ulikuwa msingi tu.
Kondoo wa jirani waliufanya zizi.
Mvua ya saa tisa ikiujaza, watoto waliuita bwawa.
Shemeji yake akapita: "Kumbe unajichimbia kaburi pana!"
Kavaya akacheka naye, akampa andazi la moto,
akamdai shilingi kumi.

Siku moja, nikikoroga saruji, nilimwuliza
hamu yote hiyo huitoa wapi.
Akajipangusa unga kiwikoni.
"Hamu? Hamu ilihama mwaka wa tatu.
Haikuaga. Siku hizi nina Alhamisi."

Kila Alhamisi, mauzo yawe mema au yawe aibu,
hununua matofali kumi kwa Vugutsa,
huyabeba mwenyewe, matano kwa matano,
huyapanga nyuma ya choo na kuyafunika gunia.
Wiki ya mazishi, kumi.
Wiki ya malaria, kumi,
akayahesabu akiwa amejitanda blanketi.

Watu husema haba na haba.
Wasemao hawajaibeba haba yenyewe:
haina mpini, na begani huuma kama kibaba kizima.

Mwaka wa sita ukuta wa magharibi ulilala chini.
Ilikuwa mvua ya mawe, na, niseme ukweli,
mchanga wangu ulikuwa umeizidi saruji.
Nilikuja na uongo mdomoni, umepigwa pasi.
Nikamkuta amechuchumaa topeni
akigonga tofali kwa tofali, akisikiliza
lipi linalia kama kengele, lipi limekufa.
"Mia tatu na kumi na mawili mazima," akasema.
"Hatuanzi sifuri."
Kisha, bila kuniangalia:
"Safari hii, Asava, mchanga nitaupima mimi."

Jioni ile niliitoa pimamaji yangu
uvunguni mwa kitanda, nilikokuwa nimeitupa
pamoja na mipango mingine.

Mwaka huu tumefika linta.
Paa bado. Mlango bado. Oveni
ni mraba wa chaki sakafuni,
na Kavaya hauvuki, huuzunguka.

Lakini Alhamisi iliyopita, nikishuka mlimani,
niliona foleni ya wanafunzi kando ya ukuta.
Kavaya yumo ndani, mbingu nzima juu ya kitambaa chake,
anauza mandazi dirishani.