Kumi na Mbili, Kinyume

Mimi huchonga namba kinyume
ili karatasi izisome sawa.
Mihuri ya vyama, ya makanisa, ya mawakili,
ghorofa ya pili, Barabara ya River,
juu ya duka la betri.
Miaka ishirini na mitatu
mkono wangu umekariri kushoto kuwa kulia.

Mwaka ule wa mgomo wa wahadhiri
walipanda ngazi wawili, wakibishana tangu chini:
Daktari Mnjama, koti limetoboka kiwiko,
na Bi. Chelagat wa takwimu, mwenye sauti ya kukata kamba.
Walitaka kete arobaini na nane.
Duara, pembetatu, mraba,
jeshi la shufwa jeupe, jeshi la witiri jeusi,
kila kete na namba yake usoni.
Mchezo wa wasomi wa Ulaya, waliniambia,
wa karne nyingi nyuma,
walipochoka kusoma na hawakutaka kulala.

Nikauliza, mbona tisa yumo kwa shufwa?
"Mjukuu wa mbili huyo," akasema Bi. Chelagat,
"usimhukumu kwa sura."

Mbao mbili za drafti nikazifunga kwa bawaba.
Nikachonga siku nne.
Kwenye kumi na mbili, pembetatu nyeusi,
mkono ukarudi kwenye mkate wake:
nikaichonga kinyume, kama ya muhuri.
Daktari aliigeuzageuza, akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Huyu katanguliza miguu. Mwache hivyo hivyo."

Lango la chuo lilikuwa na kufuli,
basi wakacheza kwangu, kati ya gundi na raba.
Nje filimbi, matawi, mabango.
Mshahara haukuja. Chai ilikuwa ya deni, kwa Syombua.
Nikajifunza kwa kusikia, bila kupenda:
mbili ni mdogo, lakini akiwa mbali nafasi sita
anamla kumi na mbili.
"Umbali nao ni silaha," Daktari alisema, akifuta ubao kwa mkono wa koti.

Na kulikuwa na ushindi mmoja
ambao Bi. Chelagat aliutamani kama mtu anavyotamani maji.
Nne, sita, tisa, kumi na mbili,
mstari mmoja, ndani ya nchi ya adui.
Sita, tisa, kumi na mbili: hatua sawa, kama ngazi zangu.
Nne, sita, tisa: kila mmoja kamzidi aliyemtangulia
kwa nusu ya huyo aliyemtangulia.
Nne, sita, kumi na mbili?
Akavuta uzi wa kufungia vifurushi, akaugonga kwa kidole.
"Hiyo haionwi. Husikilizwa."

Ila nne, sita na tisa ni wake.
Kumi na mbili ni wa Mnjama.
Sharti amteke, kisha amketishe kati ya watu wake.
Kwa jeshi lako peke yake, ushindi huo hauupati.

Alhamisi redio ya chini ikatangaza: mgomo umekwisha.
Nne, sita, tisa walikuwa tayari wamepangwa, pengo limeachwa.
Daktari akatazama saa, akamwokota yule kinyume,
akamtia mfukoni.
"Kesho. Kesho utamteka kwa haki."

Kesho ikawa muhula.
Muhula ukawa karatasi za mitihani, karatasi zikawa figo,
figo zikawa Wundanyi, mvua, udongo mwekundu.

Juzi Bi. Chelagat alipanda ngazi peke yake,
akipumzika kila baada ya vidato vitatu.
Binti wa marehemu aliikuta kete kwenye koti.
Ubao hakuuomba.
Alivuta kidau changu cha wino,
akaibonyeza kete, kisha akaigonga
nyuma ya kitabu changu cha risiti.

12.
Imesimama sawa, mbichi, nyeusi.

Akaipuliza ikauke.
"Kutoka hapa hadi Wundanyi," akauliza,
"ni nafasi ngapi?"