Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Wananialika kwa simu, kwa kadi zenye picha za ndege,
na mara moja kwa kunisimamisha penye pampu ya petroli:
"Kikundi chetu kimekisoma kitabu chako. Alhamisi una nafasi?"
Nafasi ninayo. Tangu kitoke nina nafasi tele kifuani,
maana vyote nilivyoficha nimevianika humo:
baba na chupa yake, shamba lililopigwa mnada,
mama na mdomo wake uliofungwa kama mkoba.

Basi naendesha, Saskatchewan yote nyeupe,
barabara imenyooka kama rula,
theluji inavuka lami kwa kunyata.

Canora: wanawake tisa,
na mume mmoja aliyefuata keki.
Wanne wamesoma. Watatu wameruka hadi mwisho.
Orysia amebandika vikaratasi vya njano
hata kitabu kimeota manyoya.
"Baba yako ulimsamehe lini?"
Ukurasa wa mia mbili, namjibu.
"Mh," asema, akikata keki,
"kumsubirisha maiti kurasa mia mbili!"

Kwingine hawakusoma hata mmoja.
Tulizungumzia kabati jipya la jikoni
na bawaba zake zisizopiga kelele.
Nilirudi nyumbani nimefurahi, sijui kwa nini.

Kwingine mzee Bohdan alikuja na daftari la hesabu.
Bei ya ngano ya mwaka ule, alisema, si hiyo niliyoandika.
Akanionyesha. Senti kumi na moja kwa gunia.
Kama baba alipata bei ile ya daftari, akauliza,
shamba liliuzwaje?
Wote wakanitazama.
Nikanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Halafu Foam Lake.
Chumba cha chini cha maktaba, bomba la joto likigonga
kama mtu aliyesahaulika nje.
Stefania Hrycak, miaka themanini na minne,
nakala ya kuazima, miwani ya kuazima,
akaomba asome kidogo.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili:
*Siku ya mazishi mama hakulia.*
Akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

"Nilikuwa jikoni siku ile," alisema.
"Nilikuwa nakaanga vitunguu vya perohi.
Mama yako aliingia, akaufunga mlango kwa mgongo.
Akauliza: vitunguu vimebaki?
Nikamwambia vinatosha.
Akachukua kisu.
Akakata gunia zima, binti yangu.
Vitunguu vya watu mia tatu,
nasi tulikuwa arobaini.
Tulivila hadi Pasaka."

Hakuna aliyecheka. Bomba likagonga.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile,
nimekaa ukumbini na viatu vya kubana,
nikiuhesabu uso wake kila alipotoka,
macho mekundu, nikasema moyoni: vitunguu.
Nilijua ni vitunguu.
Sikukosea hata kidogo.

Wiki iliyofuata, Wakaw.
Mwalimu mstaafu, Larysa, kucha zimepakwa vizuri,
akanishika mkono: ile sentensi, ile ya mazishi,
ameiandika kwenye kadi, ameibandika kwenye friji.
Akanipa nakala yake nitie sahihi.
Nikaomba kalamu. Nikafungua mia na kumi na mbili.
Nikaifuta.

Akapaliwa na pumzi.
Alikuwa amekilipia dola ishirini na nne, alisema,
na sentensi ile ilimfaa sana mwaka aliomzika mumewe
bila chozi, mbele ya mashemeji;
nani kanipa ruhusa ya kumnyang'anya?

Kweli, nani?
Nikamwomba radhi. Nikaiandika upya pembeni,
kwa mwandiko wa mkono, pole pole, akinisimamia:
*Mama hakulia.*
Mkono haukutaka kuinuka.
Ukaongeza: *mbele yetu.*

Larysa akasoma. Akasoma tena.
Akavaa koti bila kuniaga,
kitabu kwapani,
akatoka kwenye baridi.