Kata, kwa Herufi K

Dirisha namba tatu, RITA, Jumanne asubuhi,
feni inazungusha joto lilelile,
Bi Agripina anainua miwani:
"Jina la ukoo?"
"Kata."
"Kata ya wapi?"
"Si ya wapi. Kata tu."

Nimezoea.
Shuleni Buguruni waliniita Diwani.
Mwalimu wa Kiswahili, siku ya maneno yenye maana nyingi,
alinisimamisha mbele kama ubao:
kata ya kuchotea maji mtungini,
kata ya nguo, iliyoviringwa utosini chini ya ndoo,
kata, agizo kwa mwenye kisu.
Nilirudi kukaa
nikiwa chombo, nikiwa kitambaa, nikiwa jeraha.

Karatasi zangu zimetandazwa mezani.
Kitambulisho changu: Kata.
Cheti cha marehemu baba, darasa la saba: Katta,
T mbili, kana kwamba mwalimu mkuu alikuwa na wino wa kumwaga.
Na kadi ya babu ya bandarini, imekunjwa mara nne,
inanuka karafuu na dawa ya mende:
Carter.
"Huyu alikuwa Mzungu?"

Hapana, mama. Huyu ni Mwinshehe bin Kiando wa Maneromango,
aliyesukuma rukwama gatini miaka kumi na tisa.
Karani wa mishahara alichoshwa na majina yetu,
akaandika watu kwa msimamizi wao:
Mwinshehe wa Carter, Pazi wa Carter, Kobelo wa Carter.
Kisha wino ukapungua, au uvivu ukazidi,
ile "wa" ikadondoka.
Uhuru ulipokuja wenzake walirudisha yao.
Babu akasema: kiinua mgongo kinalipwa kwa hili;
nikilitupa, nitakula ukoo?

Binamu yangu Shomvi, msomaji wa usiku wa manane,
alinipa maana yake wiki jana, akitafuna mihogo.
Kwao zamani mtu aliitwa kazi yake:
mfua vyuma, msaga nafaka, mwezeka mapaa.
Carter ni mwendesha mkokoteni,
magunia ya sufu, nyasi za farasi, matope hadi magotini.
Mikokoteni ikaoza. Jina likapanda meli,
likavaa kaptula iliyopigwa pasi,
likasimama gatini na filimbi
kuwaamuru wengine wasukume.

Nilicheka hadi mhogo ukanipalia.
Yule bwana hakushika mpini hata siku moja.
Viganja vya babu mimi nilivishika,
vina sugu kama maganda ya korosho.

Wako maelfu kwa maelfu, alisema Shomvi,
wamejaa Uingereza, wamevuka hadi Amerika,
na huko wengine ni weusi kama sisi,
nao jina walilipata kwa bwana.
Hapo hakuna aliyecheka. Tuligawana pilipili.

Sisi nilituhesabu jana usiku, mtoto akinyonya:
kumi na mmoja Buguruni, upande wa Mnyamani,
wanne Mbagala,
shangazi Mwamvita, kaolewa Tandika na bado analiandika,
mmoja Maskati, simu yake haipatikani.
Babu na baba, ardhini, sikujua niwaweke safu ipi.
Na huyu, wa siku tisa, anayesubiri herufi.

"Lazima yafanane," anasema Bi Agripina.
"Ama nenda kwa wakili ukaape,
ama mwandike Kiando, la asili, muanze upya."

Foleni inakohoa mgongoni kwangu.
Kiando. Nalionja.
Tamu, lakini ni utamu wa nyumba ya jirani:
nani kwetu aliwahi kugeuka alipoitwa hivyo?

"Nitaapa. Andika Kata."
"Kata ya nini hasa?" anauliza, si kwa ubaya,
fomu haina kisanduku hicho.

Ile ya kichwani, mama.
Inayokaa kati ya mzigo na utosi.

Mtoto anapiga chafya.
Anaandika. T moja.