Sehemu ya Pili

Sheria tuliijua kabla hatujajua kusoma:
staringi hafi.
Apigwe risasi, atupwe mtoni, afukiwe,
dakika kumi kabla ya mwisho atafufuka
na kovu moja tu, na shati lililopigwa pasi.
Kwa shilingi kumi, pale kwa Gathecha, Bondeni,
hiyo ndiyo haki tuliyoinunua,
na Makokha, mkalimani wetu,
kipaza sauti amekifunga kwa mpira wa baiskeli,
aliwafanya Wachina wote watukanane kwa lafudhi ya Bungoma.

Siku hiyo alitoka jela mwanamume mmoja.
Tukakaa vizuri kwenye mbao.
Alifungwa kwa kosa la mwenziwe,
na mwenziwe sasa ana nyumba yenye roshani.
Hesabu rahisi.
Cherotich akaninong'oneza:
huyo atachinjwa kama kuku wa Krismasi.

Lakini yule mtu alitembea tu.
Akatembea. Akanywa maji ya bomba.
Akaketi kando ya barabara kushona kiatu,
na kamera ikamngoja, tundu kwa tundu,
kana kwamba sisi sote hatukuwa na kwetu.
Makokha akamtia maneno mdomoni: "Naja, mwizi we!"
Tukacheka.
Kisha hata Makokha akaishiwa,
na kwa mara ya kwanza mle ndani
nikasikia jenereta ikikohoa nyuma ya ukuta.

Mwishowe mlango. Mlango wa kijani.
Akainua mkono abishe.
Ndani, mtoto akacheka.
Mkono ukabaki juu.
Halafu majina, meupe, yakapanda kama siafu.

Mbao ziliruka.
"Gathecha, umekata kanda!"
"Pesa zetu!"
Akaapa kwa kaburi la mamake, ambaye
asubuhi ile tulimwona sokoni akichagua vitunguu.
Akaizungusha kanda hadi mkiani, tukatazama chenga tupu.
Ndipo akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa mlangoni:
SEHEMU YA PILI JUMAMOSI.
Mama Nyangweso, aliyeingia bure kwa ajili ya mandazi yake,
alifunika beseni, akasema, "Imeisha hiyo.
Kwani mlitaka ule mkono ufanye nini?"

Nilimchukia mama yule.
Nilikwenda nyumbani kama mtu aliyeibiwa,
si zile shilingi kumi, la,
kitu kingine nilichoingia nacho,
nikawa najipapasa gizani nisijue kilikaa mfuko gani.

Jumamosi tulijaa. Gathecha akatuwekea picha nyingine kabisa,
upanga mwanzo hadi mwisho,
na hakuna aliyeuliza. Tulipiga makofi.
Nilihesabu maiti thelathini na mmoja.
Leo siikumbuki sura ya hata mmoja.

Sasa nachomelea milango, hapa Shabab.
Mteja akitaka rangi ya kijani, namshawishi achukue ya kahawia.
Hajui kwa nini, nami sina maelezo
ambayo fundi anaweza kumpa mtu aliyelipa rubuni.

Miaka miwili iliyopita nilifunga kazi mapema
nikashika njia ya Njoro, kwa miguu,
hadi kwa yule aliyeuza shamba la baba
kwa sahihi ambayo baba hakuitia.
Sikubeba kitu. Nasema kweli, sikubeba.
Ndani kijiko kilikuwa kinakoroga chai,
taratibu, kama cha mtu anayeishi peke yake.
Nikainua mkono. Ulinuka chuma.

Wewe nawe umekaa vizuri, naona.

Gathecha amekwisha kufa.
Ule ubao mwanawe amefunikia tangi la maji,
mvua zote hizi, na chaki haijafutika vyema.
Nilipita wiki jana nikausoma tena:
YA PILI JUMA,
na baada ya hapo, ukungu wa kijani
na alama ya kidole cha mtu.