Herufi Isiyo na Neno

Bango la A limekubali.
La B, matumbo mawili yamebanana
kama wapangaji wa Kariobangi.
Ng' ilinisumbua wiki nzima:
kile kipele cha juu,
kila mashine ya chapa Riva Rodi inakimeza.

Mwalimu Ogutu akauliza, X iko wapi?
Nikamjibu Kiswahili hakina haja nayo.

Jumamosi nikaenda Mukuru kwa shangazi Kwamboka
kuchukua mkaa.
Mlangoni, rangi nyekundu, bado mbichi,
mistari miwili iliyopishana kwa haraka,
mmoja umechuruzika hadi kwenye bei ya sukuma.

Kanjo ana mwandiko mzuri, nakiri.
Nikaipima kwa shubiri:
nne na vidole viwili.

"Siku saba," shangazi akasema.
"Usiiguse, itakuchafua."