Bei ya Neno

Kule Bahía Blanca, ukumbini, kijana mwenye miwani
aliniuliza sentensi zangu fupi nilijifunza wapi.
Alitaja chuo. Alitaja nadharia, tena mbili.
Nikanywa maji. Nikamjibu: kituoni.

Kituo cha reli, Patagonia: nyumba nne, tangi la maji,
na upepo usiojua kubisha hodi.
Baba, Belisario Ancapán, alikuwa karani wa telegramu,
na kila neno lilikuwa na bei yake, kwenye kibao ukutani.

Wachunga kondoo walikuja na huzuni ndefu,
kofia mkononi, theluji mabegani,
wakasimulia deni, ua lililoanguka, mguu wa mama uliooza.
Baba alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza:
"Una pesa ngapi?"
Akaanza kupogoa.
"Mpendwa" likatoka. "Tafadhali" likatoka.
"Nakukumbuka sana."
"Ondoa 'sana'," alisema.
"Asingekuwa anakumbukwa sana
usingepanda farasi siku mbili kuja hapa."
Yakabaki maneno matano, makavu kama fupa,
na mwenyewe aliposomewa, alilia.

Majibu niliyapeleka mimi.
Miaka tisa, buti za kaka, magazeti yamejazwa vidoleni.
Nilijifunza kusimama hatua tatu kutoka mlangoni
na kutazama mikono,
maana uso hudanganya mbele ya mtoto.
Bi Otilia Jaramillo aliikunja karatasi mara nne
akaniuliza kama nimekula.
Mwanawe alikuwa amefukiwa mgodini.
Nikala mkate wake.
Bado nimeketi kwenye meza ile
kila ninapomwandika mama yeyote.

Wahakiki husema: mkono wa bahili.
Sawa. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini uko usiku mmoja sijautia kitabuni.
Majira ya baridi aliyokufa Nélida, mdogo wangu, wa miezi saba,
theluji iliangusha nguzo, waya ukakatika
pande zote mbili, kusini na kaskazini.
Baba akaenda ofisini, akawasha taa, akakaa.
Kitandani nikausikia ule mgongo wa kitufe:
nukta, mstari, nukta.
Hakujua kwamba nilikuwa nimeshajua kusikia.
Akapiga, akapiga, hadi maji ya birika yakaganda,
mpendwa, tafadhali,
sana, sana, sana,
yote aliyowakatia watu kwa miaka kumi na mmoja
akiyamwaga kwenye waya usiokwenda popote.
Bure.

Asubuhi alinikuta nakitazama kidole chake kilichovimba.
"Upepo ulikuwa mwingi," alisema.
"Ndiyo, baba."

Kijana aliandika "kituoni", akauliza kituo gani.
Nikamwambia kilifungwa, reli ziling'olewa,
bati la paa sasa linafunika zizi la mtu.
Kibao cha bei ninacho mimi, juu ya meza,
tarakimu zimefifia, senti hazisomeki.
Nikitaka kuandika "sana",
nakitazama kwanza.